Bei ya Haraka

Mjomba alinipigia simu nikiwa hosteli. Kuna shamba Mishamo, ekari nne, bei ya kutupa. Mwenyewe ana haraka.

Orodha ya kukagua naijua, nimeifanyia mtihani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Namba 5 ya mwaka 1999. Uliza kama halmashauri ya kijiji inaridhia mauziano. Omba kuona hati ya hakimiliki ya kimila, kama ipo. Hakikisha mke anajua. Zungukia mipaka pamoja na majirani, wala usitosheke na maneno ya muuzaji.

Likizo ilipofika nikaenda. Njiani niligundua kwamba orodha yangu haina swali moja: huyu mtu anauza kwa sababu gani?

Mishamo si kijiji cha kawaida. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1978 kwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walikuta pori, wakalifyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Mwaka 2007 wakatakiwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia. Katumba, Ulyankulu na Mishamo, zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa uraia. Kisha wakaambiwa wahame, watawanywe mikoa mingine, vyeti vikangoja. Mwaka 2014 vilianza kutolewa kwa wingi, na mpango wa kuwahamisha ukaachwa. Katika miaka hiyo ya kungoja, nani angepanda mwembe?

Mzee alinizungusha mpaka mzima, akiongea na kila jirani. Karatasi zake hazikuwa na tatizo.

"Mzee, kwa nini unauza?"

"Mwanangu, nimeshafungasha mara mbili. Pesa naweza kuibeba. Shamba siwezi."

Hapo nikaelewa lile punguzo limetoka wapi. Udongo ni uleule wa jirani aliyekataa kuuza. Kinachofanya bei ishuke ni hofu ya mzee, na hofu hiyo hakujitengenezea yeye.

Mjomba anasema nisipochukua mimi atachukua mwingine, tena kwa bei ya chini zaidi. Ni kweli, na ndiyo maana hoja yake inaniudhi. Nikikataa, mikono yangu inabaki safi na mzee anabaki bila pesa. Kumlipa bei ya haki ndiyo njia iliyonyooka, ila akiba yangu haifiki huko.

Nikamwomba mzee wiki mbili nifikirie.

"Sawa," akasema. "Ukichelewa, nitakupunguzia."