Je, Ni Haki Kukata Mti Uliositawi?

Wengi wetu hupenda kutembea katika msitu wa Karura, hapa Nairobi, baada ya ibada ya Jumapili. Lakini wapo ndugu waliorudi kutoka huko na huzuni, kwa kuwa waliona mikaratusi mirefu ikikatwa. Swali lao ni la haki: je, anayependa uumbaji wa Mungu anaweza kushika shoka?

Mikaratusi asili yake ni Australia. Ilipandwa Karura wakati wa ukoloni ili itoe kuni za garimoshi. Hukua haraka, hunywa maji mengi, na chini yake mimea mingine hupata shida kuota. Pamoja nayo kuna lantana, kichaka chenye maua mazuri kutoka Amerika, ambacho husonga miche ya asili. Ndiyo sababu watunzaji wa msitu wanaviondoa hatua kwa hatua na kupanda miti ya kwetu, kama muhugu, muthiga na mutamaiyo.

Wengine watasema: Neno la Mungu latuagiza kumkaribisha mgeni, mbona tunafukuza miti ya kigeni? Tujibu kwa uangalifu. Ugeni si dhambi. Mahindi tunayokula yalitoka Amerika, na jakaranda zinazopamba barabara zetu pia. Kosa si kutoka mbali, ila ni kuwanyima wengine nafasi ya kuishi. Tena mti haukujileta wenyewe, uliletwa na mikono ya watu. Basi tukiukata, tusiuhukumu mti, bali tutubu haraka yetu ya kutaka faida bila kuuliza ni nani waliokuwa wakiishi pale.

Toba hiyo yatuhusu sisi wa kanisa pia. Wazee wetu wa imani waliuona mugumo kuwa mti wa sanamu, na mingi ikakatwa. Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1999 alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda Karura kupanda mti, alisimulia habari za mugumo wa utotoni mwake huko Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake, akimwambia ni mti wa Mungu. Baadaye mwenye shamba aliukata apande chai, na kijito kilichokuwa karibu kikakauka. Mugumo hulisha ndege na nyani, na maua yake yaliyofichwa ndani ya tunda huchavushwa na nyigu wadogo sana ambao hawawezi kuzaana mahali pengine. Tulidhani tunaangusha sanamu, kumbe tulikuwa tunabomoa nyumba za viumbe ambao Mungu aliwaona kuwa ni wema.

Basi shoka laweza kuwa chombo cha utunzaji, lakini kwa masharti. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, humkataza mtu kumtwaa ndege mama pamoja na makinda yake. Hata haki ya kutumia ina mpaka. Kwa hiyo tusikate kabla miche haijawa tayari, wala tusiangushe mti wenye viota. Na tuliyemwondolea kivuli leo, tumpandie kingine kwa ajili ya kesho, hata kama hatutakiketi chini yake.

Tusiwaachie watunzaji wa Karura peke yao kazi hii. Tutazame uwanja wa kanisa letu. Tumeufyeka na kuufagia mpaka hauna kichaka, tukauita safi. Lakini nyuki wale nini hapo, na chozi ajenge wapi? Tukiacha kona moja tu, tukapanda muthiga na maua ya porini, baadhi yetu wataona kama uchafu. Tuwavumilie, nasi tuvumiliane. Adamu aliwekwa bustanini awe mtunzaji. Bustani haikuwa yake, nasi uwanja huu si wetu.