Masala Kulangwa na sikio la bibi



Wengine wanasema magemu ya kuvaa uhusika hayana jipya: shujaa anatoka, anaua zimwi, watu wanaokoka. Kweli, Dragon Quest ya Japani (1986) ilikuwa hivyo. Lakini Wasukuma tunaye Masala Kulangwa, aliyempasua Shing'weng'we na kuwatoa watu tumboni. Nani kamwiga nani? Hakuna, njia ni ya wote.

Upya uko padogo: kisu kilikata sikio la bibi kizee, akakasirika. Masala akamtafutia dawa. Gemu nyingi huishia kwenye ushindi tu.

Hata Yesu, akikamatwa, aliponya sikio lililokatwa na mfuasi wake (Luka 22:51). Je, uliyemuumiza ukitenda mema, umemrudia?