TUSIANGALIE VAZI, TUANGALIE KAZI
Somo: Mathayo 7:15-20



Huko Ulaya kuna nyuki wakubwa wenye manyoya mengi, Wafaransa huwaita burdoni. Kuna pia nzi wanaofanana nao: manyoya yale yale, rangi zile zile. Ndege aliyekwisha kuumwa na nyuki humwogopa na nzi. Lakini nzi huyo hana mwiba. Woga wa ndege ndio ngao yake.

Tutamtambuaje? Tukaribie, tuhesabu. Nyuki ana mabawa manne, nzi ana mawili. Nyuki mfanyakazi hubeba chavua miguuni kwa ajili ya watoto wa kiota. Nzi hula juu ya ua, wala hana cha kupeleka nyumbani.

Tena nzi hawa si wa namna moja. Mmoja, Merodon equestris, hutaga mayai karibu na ua liitwalo narsisi. Funza wake huingia katika kitunguu cha ua hilo na kukila toka ndani. Majani huenda yakaonekana, lakini ua halitoki. Mwingine, Volucella bombylans, hutaga ndani ya kiota cha nyuki wenyewe, na funza wake hula hasa takataka na wafu wa kiota. Vazi moja, kazi mbili.

Wapendwa, tumewapokea wamama waliokuja wakilia. Mtu mwenye kanzu nyeupe na fimbo aliingia nyumbani, akamwombea mtoto mwenye homa, akataka mbuzi, akataka dola, akakataza dawa. Mtoto alipozikwa, yeye alikuwa amekwisha kuhama mtaa. Tangu siku ile wengine husema: manabii wote ni waongo. Hapana. Vazi la nzi lina nguvu kwa sababu mwiba wa nyuki ni wa kweli. Pasipo nyuki, nani angemwogopa nzi?

Basi mtumishi akiingia kwako, usimpigie magoti kwa ajili ya kanzu, wala usimfukuze kwa ajili ya kanzu. Uliza: alikopita, watoto walibaki na nini? Mgonjwa apelekwe hospitali, na maombi yafuatane naye. Aombaye kwa kweli hatamzuia.

Na sisi mashemasi tuvaao nyeupe, tukubali kuhesabiwa mabawa vilevile.

Amina.