Shahidi wa Pili

Liko swali litupasalo kulifikiri: mtu apatapo habari ya kweli ambayo wenziwe hawajaipata, je, aitangaze papo hapo, au angoje shahidi wa pili? Twalijua kwa ugomvi wa mwezi mwandamo. Leo tulipime kwa jambo la mbali zaidi.

Baina ya nyota mna hewa nyembamba ya haidrojeni, baridi, isiyoonekana kwa jicho. Hujikusanya hata ikawa mawingu mazito, na ndani yake nyota huzaliwa; nazo nyota changa zikiwaka huisukuma iliyosalia, ikazizunguka mfano wa ganda. Mwaka 1944 Mholanzi van de Hulst alionyesha kwa hesabu kwamba chembe ya hewa hiyo hutoa wimbi la redio la sentimita 21. Chembe moja hulitoa mara moja tu katika miaka kama milioni 11. Lakini chembe hazina idadi, basi wimbi halikatiki.

Tarehe 25 Machi 1951, Ewen na Purcell wa Harvard, Marekani, walilinasa. Fahari ilikuwa yao. Wala hawakukimbilia kuchapa: waliwapasha habari Waholanzi, walioshindana nao na ambao mtambo wao uliwahi kuungua moto, na Waaustralia pia. Mwezi wa Mei Waholanzi wakalipata, kisha Waaustralia. Habari zao zikatoka pamoja katika jarida la Nature, Septemba mwaka ule ule.

Wako watakaosema huo ni ujinga, maana aliyetangulia ana haki yake. Naam, haki ya kusifiwa anayo. Haki ya kusadikiwa yataka zaidi. Katika mwezi mwandamo shahidi mwaminifu hutosha, kwani saumu haingoji. Lakini hapana aliyekuwa akingoja kufuturu kwa wimbi la sentimita 21! Wala wale hawakuficha ilimu, jambo ambalo ni aibu. Waliwaambia kwanza watu wenye uwezo wa kuwakadhibisha, na hapo ndipo ulipo uaminifu wao.

Tangu 2018 dishi 64 za MeerKAT, katika nyika kavu ya Karoo, Afrika Kusini, husikiliza wimbi lilo hilo. Litokalo katika mawingu ya al-Jabbar, kundi la nyota lifuatalo Kilimia, husafiri miaka kama 1,300 kabla ya kutufikia. Kwa habari iliyokaa njiani muda huo, miezi mitano ya kuwangoja wenzi haikuwa kitu.