Ulimi wa Kwetu

Twasoma katika Mathayo 26 ya kwamba Petro alitambuliwa kule uani kwa matamko yake. Kinywa chake kilikana, lakini sauti yake ilishuhudia ya kuwa ni mtu wa Galilaya. Na tulitafakari jambo hili, kwa kuwa liko kati yetu hata leo, hasa katika habari ya Kiingereza.

Sisi tuliojifunza Kiingereza baada ya lugha ya mama, twakisema kwa sauti ya kwetu. Wala si ajabu. Kiswahili kina irabu 5 tu, na Kiingereza kina zaidi ya 10. Kwa hiyo neno lao la kondoo na neno lao la meli hutoka vinywani mwetu kama neno moja. Wengine, kwa desturi ya lugha ya nyumbani kwao, huchanganya r na l. Hiyo si dhambi wala ujinga. Ni alama ya nyumba tulimolelewa.

Lakini twafanyaje? Kijana akisoma Kiingereza kwa sauti ya kijijini kwao, twamcheka. Mwenzake akijitahidi kutamka kama Waingereza, naye twamcheka, tukisema anaringa. Wa kwanza anyamaza darasani, asiulize tena; wa pili ajitenga nasi. Hivyo kicheko chetu chawapoteza wote wawili.

Tukumbuke Waamuzi 12. Kwenye vivuko vya Yordani watu wa Gileadi walimwamuru kila mpitaji aseme Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kutamka sh, akasema Sibolethi, akauawa. Wakafa watu 42,000, nao wote ni wana wa Israeli! Sisi hatushiki upanga. Lakini tukimpima mtu kwa herufi moja, twasimama kwenye kivuko kile kile.

Siku ya Pentekoste haikuwa hivyo. Roho aliwapa wanafunzi lugha za mataifa, na watu wakasikia makuu ya Mungu. Hata hivyo walitambua ya kuwa wasemao ni Wagalilaya. Naye Petro, ambaye ulimi wake ulimtia hofu uani, akasimama akahubiri pasipo haya.

Basi, waalimu na wazazi, tuwafundishe watoto kutamka vema ili waeleweke, maana ndiyo kazi ya lugha. Ila asiwepo kwetu wa kumwaibisha mwenzake. Akosaye neno na asahihishwe kwa upole, na aliye na la kusema asikilizwe mpaka mwisho. Bwana atujalie masikio yenye upendo. Amin.