Karatasi ya kliniki si mashahidi wanne

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye kikao cha suluhu. Mke mjamzito amepimwa kliniki, amekutwa na kaswende. Mume kaishika ile karatasi kama hati ya kiwanja, hataki kusikia jingine ila talaka. Eti yeye mzima, hana kidonda wala hasikii maumivu. Tuliokuwapo tukainamisha vichwa. Hakuna aliyemuuliza kama naye amepima. Nami nilikuwamo.

Baadaye daktari mmoja alinifafanulia, nikaona haya. Kidonda cha kaswende aghalabu hakiumi, na hupona chenyewe baada ya wiki chache hata bila dawa. Ugonjwa haujaondoka, waweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote. Basi ule uzima wa kujitazama tu haukuwa ushahidi wa kitu. Wala karatasi haisemi nani alianza. Huenda ni mume, tena kabla ya kuoa. Huenda mke aliupata kwa mume wa kwanza, ndani ya ndoa ya halali kabisa. Wapo hata wanaozaliwa nao.

Sasa tujiulize. Suratun Nuur inamtaka anayemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne, akishindwa ni bakora 80. Mume asiye na mashahidi naye kawekewa li'ani: aape mara nne, na ya tano ajitakie laana ikiwa ni mwongo. Yule bwana hakuapa. Alitikisa karatasi, nasi tukaridhika!

Simtetei mzinifu. Zinaa ni haramu, na maradhi haya kwa sehemu kubwa huenea kwa kujamiiana. Lakini kipimo hutafuta ugonjwa, hakitafuti dhambi.

Na kubwa zaidi tulilisahau. Kaswende ya mama huweza kumuua mtoto tumboni, ilhali sindano ya penisilini humwokoa ikiwahi. Mume naye asipotibiwa atamwambukiza mkewe tena. Sisi tulizungumza aibu ya ukoo saa nzima. Kuhusu sindano, hakuna aliyeuliza. Alhamdulillah, manesi walikwishamchoma.

Mume alikwenda kupima wiki mbili baadaye, baada ya mjomba wake kumshika mkono. Naye alikutwa nayo. Talaka moja alikwishaitoa, lakini eda ya mjamzito ni mpaka ajifungue, hivyo mlango wa kumrejea ulikuwa wazi. Hakumrejea. Alisema watu wameshasikia.