Haki ya Kupita

Njia ni neema ya watu wote, wala hapana mtu apendaye kuikuta imefungwa mbele yake. Tuseme wewe, msomaji, umesafiri tangu alfajiri, umefika chini ya mlima, na hapo unakuta lango lenye kufuli. Hapana mlinzi wala jicho la kukuona. Kando ya lango pana nafasi ya gari kupenya. Je, utapita? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake limo kubwa zaidi: haki ya mtu hukoma wapi?

Tulipime kwa mfano wa mchezo mmoja. Tarehe 2 Mei, 2000, serikali ya Marekani iliacha kuzipotosha kwa makusudi ishara za setilaiti zake, ambazo raia walizitumia kujua mahali walipo. Siku ya pili yake, mtu aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za kuonyesha mahali pale. Ndani yake alitia daftari, kalamu na vitu vidogo vidogo, hata kopo la maharagwe. Huo ulikuwa mwanzo wa mchezo uitwao jiokashingi, ambao sasa huchezwa katika nchi nyingi. Mtafutaji huongozwa na chombo chake mpaka penye hazina. Akiipata huandika jina lake daftarini, huirudisha mahali pake, akaenda zake. Kanuni yake mashuhuri ni hii: atwaaye kitu aache kingine chenye thamani iliyo sawa au iliyozidi.

Hazina nyingi zimefichwa milimani, na njia ya kuzifikia ni barabara za udongo na kokoto zipitazo katika misitu ya umma. Katika milima ya magharibi ya Marekani, nyingi katika barabara hizo hufungwa majira ya baridi. Mtafutaji hunung'unika, akasema: "Msitu ni wa umma, nami ni mmoja wa umma. Kodi yangu imeijenga barabara. Nikikwama, nimekwama mwenyewe." Maneno haya yana nguvu, wala si haki kuyapuuza. Uhuru wa kutembea katika nchi yako ni kitu cha thamani, na afungaye njia ndiye yampasaye kutoa sababu.

Sababu zipo. Theluji iyeyukapo, ardhi hulainika kama uji. Gurudumu huchimba mfereji. Maji huufuata, yakachukua udongo mpaka kijitoni, na udongo huo huyafunika mayai ya samaki yaliyotagwa katika changarawe. Huko huko, kulungu wakubwa huvuka majira ya baridi kwa malisho haba na mafuta waliyojiwekea mwilini. Kila wakurupushwapo wakakimbia, hutumia akiba ambayo hawawezi kuirudisha mpaka majani yaote tena. Sisi tusio na theluji twaweza kulielewa jambo hili. Nani hajaiona barabara ya udongo baada ya lori moja kupita wakati wa masika? Mwenye lori hufika kwake. Kijiji kizima hubaki na matope.

Na yule asemaye, "Nimekwama mwenyewe," amesahau jambo jingine. Mwishoni mwa Novemba 2006, baba, mama na watoto wao wawili wadogo walikosa njia usiku katika milima ya Oregon, wakakwama thelujini katika barabara ya msituni. Hawakuwa watafuta hazina, wala hawakuvunja kufuli, walipotea tu. Baada ya siku kadhaa baba alitoka kwa miguu kutafuta msaada, akafa kwa baridi. Mama na watoto waliokolewa wakiwa hai. Siwataji ili kuwalaumu, bali kukumbusha kwamba watu wengi waliingia katika milima ile ile, kwa miguu na kwa helikopta, kuwatafuta. Akwamaye hawi peke yake. Huwavuta wengine katika hatari yake.

Hata hivyo, lango si kitu kitakatifu. Lango lililofungwa bila sababu, au lililosahauliwa baada ya majira kupita, ni dhuluma, na raia ana haki ya kuuliza na kudai lifunguliwe. Mahali pengine hukatazwa magari tu, na mwenye kwenda kwa miguu huruhusiwa. Basi ulizeni kwanza. Wala msiifanye haraka yenu kuwa sheria.

Sasa tuirudie kanuni ya mchezo. Apitaye kando ya lango hutwaa vitu vingi: hutwaa uzima wa barabara, nguvu za mnyama, na labda usalama wa mwokoaji. Ameacha nini kilicho sawa na hivyo? Jina lake daftarini, basi. Kwa kanuni aliyoikubali mwenyewe, amekuwa mdeni.

Hazina iliyo ndani ya kopo haiozi; itangoja mpaka njia ikauke. Nawe, msomaji, siku utakapofika penye lango lako, na hapana akuonaye, jiulize utaacha nini badala ya kile utakachotwaa. Ukikosa jibu, geuza gari.